Kipimo cha "yule" kwa wanaosumbuliwa na "the"

Kwa wadogo zangu mnaosomea kuongoza watalii hapa Arusha: kabla ya kuweka "the", isemeni sentensi kwa Kiswahili na kujaribu kuingiza yule, ile au wale. Ikikubali, wekeni. "Nimeona tembo", mgeni hajui yupi, basi "I saw an elephant". Mkiendelea, "yule tembo ana pembe moja", sasa ni "the elephant has one tusk", maana wote mnamjua. Kipimo hugoma kwenye jua na mwezi: ni "the sun", "the moon", hata kama husemi "lile jua". Hugoma pia kwenye majina. Mount Meru na Lake Duluti hazitaki "the". Safu za milima na mito zinataka: the Usambara Mountains, the Pangani River. Hayo karirini tu.