Gurudumu la Mbele Linapokamata: Kutafuta Hitilafu katika Land Cruiser ya Zamani

Pikapu kongwe ya Land Cruiser ya mfululizo wa 70, ambao Toyota iliuzindua mwaka 1984, ikianza kuvuta upande mmoja, kutoa harufu ya kuungua baada ya safari fupi na kunywa dizeli kupita kawaida yake, yaelekea gurudumu mojawapo la mbele linakamata, yaani halizunguki kwa uhuru. Mafundi wengi hapo hukimbilia kununua kalipa mpya, kile kifaa kinachoibana diski ya breki. Nashauri kwa dhati kwamba pasinunuliwe chochote kabla ya kujua mkamato umeanzia wapi.

Liendeshe gari kilomita chache bila kukanyaga breki sana, kisha uliache lipungue mwendo lenyewe hadi lisimame. Sogeza kiganja karibu na rimu, ila usiguse diski, kwani huweza kukuunguza papo hapo, halafu linganisha kushoto na kulia. Joto likiwa kwenye diski, shuku breki. Likiwa limejikusanya katikati, kwenye habu (kitovu cha gurudumu), shuku beringi zinazoliwezesha gurudumu kuzunguka. Magurudumu yote mawili yakiwa na moto sawa, anza na masta silinda, pampu inayosukuma mafuta ya breki unapokanyaga pedeli, hasa kama fimbo inayoisukuma imerefushwa mno, kwa kuwa pistoni yake haitarudi hadi mwisho na mafuta hayo yatakosa njia ya kurejea kwenye kikopo chake.

Gari likishapoa, weka kabari kwenye magurudumu ya nyuma, inua mbele kwa jeki na uliegemeze kwenye stendi imara. Hakikisha gia ya magurudumu manne haikuingizwa, na kama habu ni zile za kufungwa kwa mkono, zizungushe zote mbili hadi alama ya FREE. Hatua hii hurukwa mara nyingi, na ikirukwa gurudumu litazunguka likiburuta ekseli, difu (gia za katikati ya ekseli) na propela shafti (mhimili unaopeleka nguvu kwenye difu), nawe utadhani breki imeshika. Ikiwa propela shafti ya mbele inazunguka pamoja na gurudumu hata baada ya kuziachia habu, kasoro imo ndani ya habu yenyewe.

Sasa mwambie mwenzako akanyage breki na kuiachia, kisha jaribu kulizungusha gurudumu lililopata moto. Likiwa gumu, legeza kidogo nipeli ya kutolea hewa, ile skrubu ndogo iliyo kwenye kalipa. Mafuta yakiruka na gurudumu likaachia, kalipa haina hatia: shinikizo lilikuwa limenaswa nyuma yake. Kaza nipeli, kanyaga breki tena, na safari hii legeza nati pale bomba la chuma linapoungana na bomba la mpira la gurudumu hilo. Gurudumu likiachia, kizuizi kiko upande wa masta silinda. Likibaki gumu hadi ufungue nipeli, mpira umeziba kwa ndani.

Mpira huo hudanganya watu wengi, kwa maana nje huweza kuonekana mzima kabisa ilhali utando wake wa ndani umevimba kwa uzee. Nguvu ya mguu hupenyeza mafuta kwenda mbele, lakini nguvu ndogo ya kurudi haitoshi kuyapitisha. Ubadilishe, na ni busara kubadilisha wa upande wa pili pia, maana umri wao kwa kawaida ni mmoja.

Nipeli ikifunguliwa bila gurudumu kulegea, chomoa pedi, vile vipande vinavyosukumwa na kalipa kuibana diski. Gurudumu likiwa jepesi baada ya hapo, pistoni moja au zaidi kati ya nne za kalipa hiyo imeshika kutu. Pedi iliyolika kuliko mwenzake itakuonyesha ni upande upi. Usizilainishe pistoni kwa grisi ya kawaida wala oili ya injini, kwani huharibu mipira ya breki.

Likibaki zito hata bila pedi, beringi zimekazwa mno au zimekufa. Fungua habu, osha, kagua njia za beringi (pete ambamo beringi huzungukia), badilisha zilizochubuka, paka grisi mpya na ukaze nati kwa kipimo cha kitabu cha gari. Ikiwa ulifungua mfumo wa mafuta ya breki, toa hewa yote, kisha rudia ile safari fupi na upime joto upya.