Kabla hujapakia wimbo wako YouTube, kagua haya ya hakimiliki

Anza kwa kusahau yale maneno ya mtaani kwamba ukitumia kazi ya mtu mwingine, "sekunde kumi hazina shida". Hakuna sekunde zilizoruhusiwa. Kumtaja mwenye kazi ni adabu, hakukupi ruhusa, na kuandika chini ya video kwamba huna nia ya kuvunja hakimiliki hakukukingi na lolote. Ukinunua wimbo umenunua kuusikiliza. Picha ya kava uliyoiokota Google ina mwenyewe, na mara nyingi ni aliyeipiga, si aliyepigwa. Ukihitaji muziki wa kuwekea nyuma ya maneno, upo kwenye maktaba ya sauti ya YouTube yenyewe. Baadhi ya nyimbo za humo zinataka jina la mtunzi litajwe kwenye maelezo ya video, basi litaje.

Jua pia tofauti ya dai na straiki, maana watu huita vyote "kupigwa kopirait" kisha wanachukua hatua isiyofaa. Dai kwa kawaida linaletwa na Content ID, mfumo ulioanza 2007, unaolinganisha ulichopakia na kazi ambazo wamiliki wameziingiza humo. Linaweza kuchukua mapato ya video, kuizuia isionekane, au kumpa mdai takwimu tu. Chaneli inabaki salama. Straiki inakuja pale mwenye haki anapoomba rasmi video iondolewe, na zikifika 3 ndani ya siku 90 chaneli inaweza kufungwa pamoja na kila kilichomo. Kufuta video hakuondoi straiki.

Sasa biti, yaani ule muziki unaoimbia juu yake. Wasanii chipukizi wanaumia zaidi hapa, na wengi hawajui kosa lilitokea siku ya malipo. Biti nyingi zinazouzwa mtandaoni kwa bei nafuu ni za kukodi: unapewa leseni isiyo ya kipekee, na prodyuza anabaki na uhuru wa kuiuza hiyo hiyo kwa watu wengine hata ishirini. Mmoja wao anapeleka wimbo wake kwa msambazaji wa muziki, yaani kampuni inayoufikisha kwenye majukwaa ya mtandaoni, anakuta kisanduku cha Content ID, anakitia tiki bila kusoma. Kuanzia hapo mfumo unaichukua ile biti kuwa yake. Kila aliyeimba juu yake anapata dai, na hata prodyuza aliyeitengeneza anaweza kudaiwa kwenye chaneli yake mwenyewe. Wimbo umeuandika wewe, sauti ni yako, mapato yanakwenda kwa mtu usiyemjua. Na kanuni za YouTube ziko wazi: muziki ulioupata kwa leseni isiyo ya kipekee haustahili kuingizwa Content ID.

Kwa hiyo kabla ya kutuma pesa, mwulize prodyuza kwa maandishi: biti ni ya kukodi au ni yangu peke yangu? Imeshauzwa kwa wengine? Ndani yake kuna lupu (kipande kinachojirudia) au sampuli (kipande kilichokatwa kwenye wimbo) ya mtu mwingine? Nani atamiliki masta, yaani rekodi yenyewe, wimbo ukikamilika? "Usijali, biti ni yako" ya kwenye sauti ya WhatsApp haitoshi. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inataka uhamisho wa haki na leseni ya kipekee viwe kwenye maandishi. Popote ulipo, dai karatasi yenye sahihi. Hifadhi mkataba, ujumbe wa muamala wa malipo, na mafaili ya mradi wa kurekodi. Kama biti ni ya kukodi, kile kisanduku cha Content ID kwa msambazaji wako usikiguse.

Kusajili wimbo kwenye ofisi ya hakimiliki, COSOTA kwa Tanzania au KECOBO kwa Kenya, hakuzai haki, kwa sababu haki inaanza pale kazi inapotungwa. Cheti kinakupa ushahidi wenye tarehe.

Unapopakia, usiiachie video hadharani moja kwa moja. Iweke faragha, subiri ukaguzi wa hakimiliki ukamilike, ndipo utangaze siku ya kuachia. Kupita ukaguzi hakuzuii dai la baadaye, kwani mwenzako wa biti anaweza kuuingiza wimbo wake mwezi ujao.

Dai likija na ushahidi unao, lipinge ndani ya siku 5, ili mapato yashikiliwe kuanzia siku dai lilipoingia. Mdai ana siku 30 za kujibu. Akilikataa pingamizi lako unaweza kukata rufaa, naye ana siku 7. Hapo kuwa mwangalifu sana: badala ya kuliachia dai, anaweza kuomba video iondolewe, na ombi lake likikubaliwa unapata straiki. Notisi ya kupinga kuondolewa, unayoijaza video ikishaondolewa, ni nzito zaidi. Jina lako kamili na anwani vinafika kwa mdai, unakubali mamlaka ya mahakama ya Marekani, na yeye anapewa siku 10 za kazi kuonyesha kwamba amefungua kesi. Usiijaze kwa hasira, na usiijaze kama huna karatasi.

Andikianeni pia na mpiga video, mwitikiaji na mpiga gitaa, kila mmoja ajue analipwa nini na anaachia nini. Na barua pepe inayofungua chaneli iwe yako, si ya meneja wala ya studio.