Jirani amezidiwa na wanyama? Anza na maji, maneno baadaye

Mtu akizidiwa na wanyama kwa ploti, kitu ya kwanza majirani wanajua ni harufu. Ya pili ni mbwa kubweka saa nane usiku. Alafu grupu ya WhatsApp inawaka moto, keateka anaitwa, na mwenye wanyama anajifungia kwa nyumba hataki kuona mtu. Hii nimeiona kwa macho huku Kahawa West. Jirani yangu tunamwitanga Shosho, ako na mbwa wawili, kuku 30 wa mayai, paka ambao hata yeye alikuwa ameacha kuhesabu, na sungura sita ambao si wake hata, kijana wake alianza hiyo biashara akiambiwa mkojo wa sungura unauzwa kama mbolea, alafu akapata kazi Qatar akaenda. Shosho akateleza bafuni akaumia nyonga. Basi, hapo ndo mambo yalianza kuoza.

Usiende na ushauri. Mi nilienda nayo, nikamwambia "Shosho, si uuze tu hawa," akaniambia "asante mjukuu wangu" na kwa wiki mbili nikipita mlangoni ananiangalia tu kama mtu wa stima. Mara ya pili nikabadilisha, nikamuuliza kwa siku ni kazi gani inamchosha kushinda zote. Nilikuwa nimejiandaa kusikia chakula. Akasema maji. Na ni kweli, kwetu mfereji unatoka Jumanne na Ijumaa, tangi liko nyuma ya ploti, na mtu wa nyonga mbaya habebi mtungi. Sikuwa nimefikiria hiyo kitu hata kidogo.

Kwa hivo chukua hiyo moja aliyokutajia na uifanye kila siku, usichukue tano ukaacha Alhamisi. Maji piga hesabu: kuku wa mayai mmoja anakunywa karibu robo lita kwa siku, 30 ni kama lita saba na nusu, weka mbwa, sungura na paka juu yake, mtungi wa lita 20 unaisha siku moja na nusu hivi, na jua likiwaka unaisha haraka zaidi. Kuku akikosa maji siku moja tu utaona mayai yamepungua. Na usiongeze maji juu ya maji ya jana, pitisha kidole pembeni ya chombo, ukisikia utelezi mwaga, sugua, ndo uweke mapya. Mi nasuguanga na kipande cha gunia.

Chakula ndo mahali pesa inapotea bila mtu kujua. Kuku mmoja anataka kama gramu 120 kwa siku, so hao 30 ni kilo tatu na nusu na kidogo, gunia la kilo 50 linafaa kuenda wiki mbili. La Shosho lilikuwa linaisha siku tisa juu anamwaga na gorogoro kwa macho, nusu inakanyagwa, panya wanakula ingine. Chukua mkebe wowote, nenda nao dukani upimiwe kilo moja ya hicho chakula, chora mstari na maka pen. Imeisha hiyo. Gunia liinuliwe juu ya mbao, likinyeshewa likashika ukungu mwaga yote hata kama inauma, hiyo ni sumukuvu, na usijidanganye ati utawapikia mbwa, mbwa nao inawaua.

Tukiwa kwa mbwa, usiingie peke yako mara ya kwanza hata kama wanakujua getini. Ingia na mwenye mbwa, simama, wakunuse, usiwaangalie machoni. Kipande cha chapati kinasaidia sana hapo. Chakula chao ugali na omena ama matumbo ni sawa, lakini usiweke kitunguu, na mifupa ya kuku iliyopikwa pia hapana, inapasuka vipande vikali. Alafu uliza kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa, si baadaye, wiki hiyo hiyo. Inadungwa kila mwaka na kwa nyumba ya mtu amelemewa hiyo ndo hupitwa kwanza. Karibu na 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, mara nyingi kuna chanjo za bure mahali mahali, lakini usingoje Septemba kama chanjo yao imeshapitwa na wakati. Mbwa akikuuma, osha kidonda na sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima, uende hospitali siku hiyo hiyo, usiweke pilipili wala mafuta ya taa vile wazee hukuambia.

Sasa sungura. Hapa niseme ukweli wangu. Nilikuwa naosha vibanda Jumamosi, nikamtoa mmoja nikamweka kwa mwenzake dakika ishirini tu ndo nisugue vizuri. Mwezi mmoja baadaye, siku kama 31 ndo mimba yao, Shosho ananiita, "kuja uone kazi yako." Manyoya meupe yamejaa pembeni ya kibanda, mama amejing'oa tumboni, na ndani yake vitu vinane vya rangi ya waridi vinatingishika. Nilikuja kumpunguzia kazi nikamwongezea midomo minane! Kwa hivo kabla ushike mnyama yeyote, uliza nani ni dume na nani ni jike, andika kwa kibanda na chaki.

Paka ni hadithi hiyo hiyo ila wao hawana kibanda. Jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne, na tena akiwa bado ananyonyesha, na mimba ni wiki tisa hivi. Ukiendelea kuwalisha tu bila kuwafunga kizazi unajaza tangi lenye tundu. Tuliwapiga picha na simu wakati wa kula, wakatoka tisa, majike watano. Anza na majike. KSPCA, lile shirika la kutetea wanyama, wako Karen, na kule Kabete kitivo cha mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi kina kliniki ya wanyama wadogo, piga simu kwanza uulize bei na kama paka anafaa kulala bila kula. Katoni ya sabuni haibebi paka, atatoka Roysambu mkiwa bado kwa matatu. Chukua kreti mbili za plastiki, moja juu ya ingine, funga na kamba ya manila. Na paka akiwa mgonjwa usimpe Panadol, hata nusu. Inamuua. Daktari akija nyumbani pia muulize kama amesajiliwa na Kenya Veterinary Board, kuna watu wanatembea na begi na sindano moja ploti nzima.

Pesa ya mchango tulituma moja kwa moja kwa till ya agroveti, si kwa simu ya Shosho wala yangu, hapo hakuna maneno. Na kupunguza wanyama kulikuja, lakini alichagua mwenyewe. Sungura waliondoka wote kwa mtu wa Ruiru, mbwa hakukubali hata kuzungumziwa, nikanyamaza.

Kuna wakati jirani mwema hatoshi. Ukikuta wanyama wamekaa siku bila chakula, ama mzoga haujatolewa kibandani, waite KSPCA, na umwambie mwenye wanyama kabla wafike. Kunyima mnyama chakula ni kosa chini ya Sura ya 360, ile sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili kwa wanyama, ila usiitumie kama kiboko cha kutishia mtu mgonjwa, atawaficha tu.

Mwisho, akikupa mayai, chukua. Kukataa ni kumwambia yeye ni maskini wako. Mi hupewa sita kila Jumapili, na moja lazima likuwe na mavi, hapangusangi. Wiki moja tu nilirudisha, kuku walikuwa wanapewa dawa ya kuhara damu na karatasi ya dawa ilikuwa imeandikwa siku za kungoja kabla mayai yaliwe, nikamsomea, akaguna, akamwaga yote. Jumapili iliyofuata yalikuwa saba.