Kuvuka Dar hadi Unguja kwa boti ndogo: angalia kwanza hali ya hewa ya kurudi

Anayetaka kuvuka kwenda Unguja kwa boti ndogo wakati wa kusi huuliza kwanza kama bahari ya kwenda iko shwari. Mara nyingi jibu ni ndiyo, na ndiyo hiyo ndiyo inayoponza watu. Unguja iko kaskazini mwa Dar, kusi linavuma kutoka kusini na kusini mashariki, kwa hiyo unakwenda upepo ukiwa mgongoni na mawimbi yanakusukuma. Kazi iko kwenye kurudi. Na kabla hata ya kurudi, kazi iko kwenye kugeuza njiani pale mashine inapokohoa au wingu linapofunga. Kwa boti ya faiba yenye mashine moja au mbili, au mashua ya tanga iliyopachikwa mashine, maandalizi yote ya hali ya hewa yaanzie hapo.

Hesabu yenyewe haihitaji shule. Chukua noti moja kuwa maili moja ya baharini kwa saa, yaani karibu kilomita 1.85. Boti inakwenda noti 12, upepo wa nyuma ni noti 18. Waliokaa ndani wanahisi noti 6 tu: shati halipepei, watu wanapiga soga, wengine wamelala. Geuza omo, yaani mbele ya boti, uelekee Dar kwa mwendo uleule na zile 18 zinajumlishwa na 12, unapata noti 30 za uso. Tena msukumo wa upepo haupandi sawasawa na mwendo wake. Upepo ukiwa mara mbili, msukumo ni mara nne. Kutoka noti 6 hadi 30 ni mara tano, basi msukumo ni mara ishirini na tano. Kweli, hakuna nahodha atakayekwenda noti 12 akipanda mawimbi. Atapunguza hadi 5 au 6, na hapo mafuta yaliyopimwa kwa safari ya saa tatu na nusu yanatakiwa yatoshe saa saba au nane, maana umbali kutoka bandarini Dar hadi mjini Unguja ni kama maili 40 za baharini na haupungui kwa sababu umechoka.

Juu ya hapo kuna mkondo. Mkondo wa pwani ya Afrika Mashariki unakwenda kaskazini mwaka mzima, na wakati wa kusi unakuwa na kasi zaidi kwa sababu upepo unausukuma uendako. Wakati wa kwenda unakusaidia na wakati wa kurudi unakuvuta nyuma. Ndiyo maana wazee wa Kunduchi hawababaiki na maji laini ya alfajiri. Kijana akiuliza, "Mzee, mbona bahari shwari?" anajibiwa, "Shwari ya kwendea hiyo, mwanangu," na mzee anaendelea kupanga kamba zake.

Kuna kipimo kimoja ambacho hakigharimu kitu, nami ningekifanya cha lazima kwa kila anayevuka wakati wa kusi. Ukishatoka kwenye kivuli cha visiwa, nje ya Mbudya kama umetokea Kunduchi au Msasani, au nje ya Makatumbe kama umetokea bandarini, geuza boti uelekee kusini kwa dakika tano kamili. Nenda mwendo ambao ungeutumia kurudi. Tazama maji yanayoingia, sikiliza boti inavyodunda, angalia nyuso za abiria. Kama dakika tano hizo zimewatoa jasho, na hapo upepo wa mchana haujaanza, rudini wakati nyumba za pwani bado zinaonekana. Baada ya hapo uamuzi unakuwa mgumu kila dakika, kwa sababu kadiri unavyosogea ndivyo kuendelea kunavyoonekana rahisi kuliko kugeuza.

Sasa turudi nyuma siku mbili, kabla boti haijaguswa. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, hutoa mwelekeo wa siku tano wenye ramani na rangi: njano ni angalizo, rangi ya chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Maneno yake wengi wanayajua kwa moyo, upepo mkali unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi makubwa yanayofikia mita 2, kwa baadhi ya maeneo ya ukanda wa pwani. Kwa sababu yamezoeleka, watu wanayapita kama tangazo la mnada. Yasome upya kwa jicho la mwenye boti ndogo. Kilomita 40 kwa saa ni karibu noti 22. Na urefu wa mawimbi katika utabiri wa baharini kwa kawaida ni wastani wa ile theluthi ya mawimbi makubwa zaidi. Ndani ya saa chache za safari utakutana na wimbi moja moja linalokaribia mara mbili ya hapo. Angalizo la njano si ruhusa. Kwa meli ni habari, kwa boti ya mita saba ni siku ya kutengeneza nyavu.

Baada ya TMA, wengi hufungua programu za utabiri kama Windy au Windguru, na hakuna ubaya, mradi mambo mawili yawekwe sawa. La kwanza ni kipimo. Kama programu inaonyesha mita kwa sekunde, zidisha mara mbili upate noti kwa makadirio. Anayeona 10 akadhani ni noti 10 amepunguza upepo nusu. La pili ni saa, nalo linatuhusu sisi zaidi ya wengine. Kwenye ramani, 06 ikiwa ni saa za hapa ni saa 12 asubuhi kwetu. Ikiwa ni saa za dunia (UTC) ni saa 3 asubuhi. Mtu aliyezoea saa zetu akiiona 06 akaisoma saa 6 mchana, ataona adhuhuri imetulia na kupanga kurudi wakati huo, kumbe ameangalia alfajiri. Weka programu kwenye saa za Afrika Mashariki, kisha andika kwenye karatasi kwa saa za Kiswahili, na umpe mtu wa pili asome.

Tazama pia tofauti kati ya utabiri wa jana na wa leo kwa siku ileile. Kama juzi ulisema noti 14, jana 17, leo 20, usichukue wastani. Unaona upepo unavyopandishwa kila mara, na huenda kesho ukapanda tena. Pia mawimbi ya mita 1.5 yanayopita kila baada ya sekunde 10 yanabebeka, lakini ya mita 1.5 ya kila sekunde 5, ambayo ndiyo mawimbi ya upepo wa karibu, yanakupiga kabla omo haijainuka kutoka wimbi la kwanza.

Maji kujaa na kupwa ni jambo ambalo watu wa Dar hawahitaji kufundishwa, ila linaingilia hali ya hewa kwa njia ya pembeni. Siku za bamvua, mwezi mpya na mwezi mpevu, maji hujaa karibu na saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na saa nne asubuhi boti za Msasani na Kunduchi ziko kwenye mchanga. Matokeo yake, maji ndiyo yanayoamua saa ya kuondoka, si upepo. Unatoka gizani bila kuona mawingu, unafika Unguja kabla ya adhuhuri bahari ikiwa bado na adabu, halafu unataka kurudi mchana ili uwahi maji ya jioni, na mchana ndio wakati upepo wa kusi umeshika nguvu zote. MV Skagit iliondoka Dar adhuhuri ya tarehe 18 Julai 2012, katikati ya kusi, ikazama karibu na kisiwa cha Chumbe wakati wa upepo mkali, na hiyo ilikuwa meli ya abiria. Kwa boti ndogo, kama maji na upepo havikubaliani siku hiyo, sogeza safari siku tano au sita hadi maji mafu. Maji hayatoki mbali hivyo na unaweza kuchagua saa.

Kuangalia hali ya hewa ukiwa safarini kuna hatari zake. Watu huanguka baharini wakiwa wamesimama omoni kutazama wingu, au nahodha anaachia usukani akihangaika na simu. Mpe mtu mmoja kazi hiyo, asiwe nahodha. Awe amevaa jaketi okozi lililofungwa kamba zote, amekaa au amepiga magoti, mkono mmoja umeshika boti. Kila robo saa aandike vitu vitatu: upepo unatoka wapi, mapovu meupe ni machache au yameenea, na kuna nini nyuma. Nyuma ndiko kwenye habari. Wakati wa kusi hali mbaya inakuja kutoka tezini, nyuma ya boti, na boti nzima inatazama mbele ikitafuta Unguja. Mapovu meupe ya hapa na pale ni kama noti 8 hadi 10. Yakiwa mengi kila upande ni 17 na kuendelea. Ukiwa na upepo mgongoni macho hayo ni ya kuaminika kuliko ngozi. Nahodha naye afunge kamba ya kuzimia mashine mkononi au mguuni, maana akianguka boti isimwache wala isimzungukie.

Wakati wa masika na vuli, cha kuogopa zaidi ni wingu la mvua lenye upepo wake. Ukilitazama vizuri linatoa taarifa. Kitako chake kinakuwa cheusi kilichonyooka, chini yake pazia la mvua linaficha mstari wa upeo, na juu ya maji unaona ukanda mweusi unaosogea, ukingoni una uzi mweupe wa mapovu. Upepo uliokuwepo unakufa. Kisha inakuja hewa ya baridi kutoka upande wa wingu, na hapo umebakiwa na dakika chache tu. Tanga liwe limeshushwa kabla ya baridi hiyo, watu wakae sakafuni, vyombo vifungwe, mashine ipunguzwe na omo ielekee upepo unakotoka. Radi ihesabu: sekunde kati ya mwanga na mlio, gawanya kwa tatu, ni kilomita. Ikiwa chini ya sekunde 30, tayari uko ndani ya uwanja wake.

Vimbunga ni vichache kwetu, lakini kimoja kinatosha. Msimu wake katika Bahari ya Hindi ya kusini magharibi unahesabiwa kuanzia Novemba hadi Aprili, na bado Hidaya ilikuja Mei 2024, safari za boti kati ya Dar na Unguja zikasitishwa. Unguja yenyewe iliwahi kubomolewa na kimbunga Aprili 1872. Simu zinazopima mgandamizo wa hewa zisikutie wasiwasi bure: huku kwetu mgandamizo hupanda na kushuka mara mbili kwa siku, juu karibu saa nne, chini karibu saa kumi, mchana na usiku. Wa kuutilia shaka ni ule unaoshuka wakati ambao ulitakiwa upande. Lakini kwa kimbunga msikilize TMA. Hakuna ujanja wa baharia unaoshinda picha za setelaiti.

Wakati wa kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, mambo yanageuka. Unakwenda upepo ukiwa usoni na kurudi nao mgongoni, kwa hiyo bahari inakuonyesha ubaya wake mapema, jambo ambalo mimi nalipenda. Ila upepo unashuka kusini na mkondo unapanda kaskazini. Vinapokutana mawimbi yanakuwa mafupi na yenye kuta. Noti 15 za kaskazi zinaweza kukuchosha kuliko utabiri ulivyokuandaa.

Kwenye mawasiliano sitakaa sana. Redio ya VHF ya mkononi, chaneli 16, simu kwenye mfuko usiopitisha maji, pawabenki iliyojaa. Mtu wa nchi kavu awe na orodha ya majina ya waliomo, rangi ya boti, saa ya kuondoka, na saa ambayo asiposikia kitu anaanza kupiga simu kwa mamlaka bila kusubiri kuombwa. Mtu huyo pia akutumie mabadiliko ya utabiri kwa ujumbe mfupi, kwani ujumbe hupenya mtandao ukiwa dhaifu pale intaneti inaposhindwa.

La mwisho ni pesa. Safari nyingi za kurudi zisizofaa zinafanywa kwa sababu hakuna bajeti ya kulala. Tenga malazi na chakula cha usiku mmoja au miwili Unguja kwa kila aliyemo, iwe sehemu ya gharama kama mafuta, na mwambie mteja au mwenye mzigo kabla hajalipa: kurudi ni kesho bahari ikiruhusu, isiporuhusu ni keshokutwa, na anayewahi kazini apande boti kubwa. Kama hakubali sharti hilo mkiwa bado Feri, mwache.