Kuunda kifuniko cha plastiki kwa hewa ya kompresa

Kwa sinia au bakuli, kunyonya hewa kunatosha: shiti ya plastiki ikilainika kwa moto, pampu inaivuta hadi ishike umbo la kalibu. Ila ukitakiwa kifuniko cha swichi za boti chenye kona kali na maandishi TAA na PAMPU yanayosomeka, pampu haifui dafu. Hata iwe nzuri vipi, nguvu yake haivuki bari 1. Hapo ndipo tunaisukuma shiti kwa kompresa upande wake wa pili, bari 3 hivi.

1. Kalibu. Iwe ya shimo, maandishi yamechongwa ndani, ili uso wa nje wa kifuniko ndio uguse kalibu. Tumia alumini, au epoksi yenye unga wa alumini. Mbao hupasuka mapema. Kuta zitanuke kuelekea juu nyuzi 2 au 3, la sivyo kifuniko hakitoki. Kwenye kona za chini na ndani ya herufi toboa vitundu vya nusu milimita vya kutolea hewa. Vikizidi hapo vinaacha chunusi. ABS, plastiki tunayotumia, ikipoa hunywea kama nusu asilimia, basi urefu wa sentimita 40 uongeze milimita 2.

2. Shiti. ABS ya milimita 3. Boti za Nungwi, Zanzibar, zinashinda juani, kwa hiyo chukua yenye tabaka la ASA, plastiki inayostahimili jua, na tabaka hilo litazame kalibu. Ikaushe kwenye nyuzi 80 kwa saa tatu au nne. Masika shiti hunywa unyevu, na ukiipasha hivyo hivyo inatoka malengelenge.

3. Kisanduku cha hewa. Ndicho kinachofunika shiti juu ya kalibu na kushika hewa ya kompresa. Hapa msifanye mzaha. Bari 3 kwenye eneo la sentimita 30 kwa 40 ni zaidi ya tani 3 na nusu zinazotaka kufungua kisanduku. Klempu za seremala ziache zilipo. Mimi napendelea fremu nzito ya chuma iliyochomelewa vizuri, na jeki ya tani 10 inayobana kisanduku juu ya kalibu. Weka vali ya usalama, na mtu asisimame mbele ya maungio. Chini ya tundu la kuingizia hewa funga kibati chenye matundu, maana hewa baridi ikipiga shiti sehemu moja inaacha doa.

4. Kupasha na kusukuma. Pasha pande zote mbili hadi nyuzi 150 mpaka 170. Shiti itaning'inia katikati. Ikianza kutoa moshi umeshachelewa. Haraka: weka juu ya kalibu, bana, nyonya, kisha fungua hewa. Subiri ishuke chini ya nyuzi 80. Toa hewa yote, geji isome sifuri, ndipo ulegeze jeki.

5. Kukata. Kingo kwa ruta (mashine ya kukatia kingo), kisha msasa. Halafu kata kifuniko cha kwanza katikati upime kona za chini, maana huko ndiko plastiki huvutika zaidi. Ukikuta chini ya milimita 1, rudi kwenye kalibu uzungushe kona kidogo kabla ya kutoa kingine.