Poka kwa anayeanza: jua bei kabla ya kulipa

Anayekuja kwenye poka akitokea kwenye arubastini hubeba tabia mbili zitakazomgharimu: kutafuta turufu, na kutaka kucheza kila anapogawiwa. Poka haina turufu. Kopa, uru, shupaza na pau zina hadhi sawa, na karata nyingi utakazopewa ni za kutupa.

Hapa tunaeleza Texas Hold'em, aina inayochezwa zaidi duniani. Kila mchezaji hupewa karata mbili za siri. Halafu katikati ya meza hufunuliwa tano za wote: tatu kwa mpigo ziitwazo flopu, ya nne iitwayo teni, na ya mwisho iitwayo riva. Kabla ya kila ufunuo mgawaji huweka kando karata ya juu, kifudifudi, ili kama kuna mtu aliichungulia isimfae kitu. Kutokana na hizo saba unachukua tano bora. Unaweza kutumia zako zote mbili, moja, au usitumie hata moja.

Ngazi ya nguvu kuanzia juu: tano zinazofuatana za alama moja, nne za namba moja, fulu hausi (tatu za namba moja pamoja na jozi), flashi (tano za alama moja), streti (tano zinazofuatana), tatu za namba moja, jozi mbili, jozi moja, mwisho karata kubwa peke yake. A hukaa juu ya K au chini ya 2, lakini K-A-2 si mfuatano. Wawili wakilingana kwa karata zote tano, pesa za katikati, yaani poti, hugawanywa sawa. Alama haiamui sare.

Kabla ya ugawaji, wawili walio kushoto kwa mwenye kitufe, yaani kidude kinachoonyesha nani ni mgawaji wa mkono huo, huweka dau la lazima: blaindi ndogo, kisha blaindi kubwa. Mkiwa wawili tu mezani, mwenye kitufe ndiye huweka ndogo; meza nyingi za nyumbani hukosea hapa. Zamu ikikufikia unakoli, yaani unalipa dau lililopo, au unareizi kwa kulipandisha, au unafoldi kwa kutupa karata. Kama hakuna dau la kulipa, unaweza kucheki, yaani kupisha bila kuweka kitu.

Kiti chako kina uzito kuliko wengi wanavyodhani. Baada ya flopu, mwenye kitufe huamua wa mwisho, akiwa ameshaona kila mmoja kafanya nini. Kwa hiyo ukiwa wa kwanza kuamua katika meza ya watu tisa, cheza jozi kubwa kama 10-10 kwenda juu, A-K na A-Q, basi. Ukikaribia kitufe, ongeza jozi ndogo, na karata zinazofuatana za alama moja kama 8-9 za kopa. Ukiingia, ingia kwa kupandisha hadi mara tatu ya blaindi kubwa badala ya kulipa tu. Jihadhari na A yenye mwenza mdogo: A-4 ikikutana na A-Q hupoteza takriban mara saba kati ya kumi, na hupoteza pesa nyingi zaidi pale ambapo A inashuka mezani na wewe ukajiona umefika.

Sasa tuje kwenye bei, maana hapa ndipo pesa nyingi za wageni huishia. Tuseme una kopa mbili mkononi na flopu imeleta kopa mbili. Kopa ziko 13, nne umeziona, zimebaki tisa. Karata usizoziona ni 47. Nafasi ya kupata kopa kwenye teni ni 9 kwa 47, yaani asilimia 19. Kwa teni na riva pamoja ni kama asilimia 35. Njia ya haraka mezani: zidisha karata zinazokufaa kwa mbili kama unasubiri karata moja, kwa nne kama ni mbili.

Poti ina shilingi 6,000, mpinzani anaweka 3,000. Unatakiwa kulipa 3,000 ndani ya jumla ya 12,000, kwa hiyo unahitaji nafasi ya asilimia 25. Wewe una 19. Wengi hushika ile 35 na kulipa kwa furaha, wakisahau kwamba kwenye teni watatozwa tena. Asilimia 35 ni halali pale tu mpinzani ameweka chipu zake zote, yaani vidude vinavyosimama badala ya pesa mezani, kwa sababu hana kingine cha kukudai. Kama bado anazo, jiulize: kopa ikishuka, atanipa angalau 3,700 nyingine? Ndiyo, lipa. Hapana, tupa. Na kama flashi yako itaishia kwenye 7 ilhali yeye anaonekana kuwinda flashi ya A, tupa bila kusita.

Blafu, lile changa la macho, nayo ina hesabu yake. Ukiweka nusu ya poti, lazima akimbie angalau mara moja kati ya tatu ndipo usipate hasara. Ukiweka poti nzima, nusu ya nyakati. Usimpigie blafu mtu anayelipa kila kitu. Kwake subiri karata nzuri, kisha weka dau kubwa.

Mezani, tamka uamuzi wako kabla ya kugusa chipu. Chipu moja kubwa ikiwekwa kimya mbele ya dau huhesabiwa kuwa umelipa tu, hata kama ulikusudia kupandisha. Kuweka kidogo, kurudi kwenye rundo na kuongeza pia hairuhusiwi. Ile ya kwanza ndiyo inayohesabika.

Jifunzeni kwanza kwa vizibo vya soda, kila mtu vizibo 100, blaindi kubwa ikiwa viwili. Pesa halisi ni za sehemu yenye leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza. Nenda na kiasi ambacho kikiisha kodi ya nyumba haiguswi, na kikiisha usiongeze siku hiyo.