Vifurushi Vinapogoma Kusakinishwa Ndani ya WSL

Mtu anayetumia Ubuntu, ambayo ni aina ya Linux, ndani ya Windows kwa njia ya WSL (sehemu ya Windows inayoendesha Linux), akiona apt, yaani programu ya kusakinisha vifurushi vya programu, imegoma, mara nyingi hukilaumu kifurushi, akakiondoa na kukirudisha, na mwishowe akaifuta Ubuntu nzima pamoja na kazi zake zote. Namsihi asifike huko, kwa sababu kifurushi chenyewe ni nadra kuwa na kosa. Hitilafu nyingi hukaa pale mifumo miwili, Windows na Linux, inapokutana.

Anza na `sudo apt update` peke yake, kisha usome ujumbe wa kwanza wa kosa, si wa mwisho, kwa kuwa yanayofuata chini huwa ni matokeo tu.

Ukikuta maneno `is not valid yet`, tazama saa. WSL 2 huendesha kerneli halisi (kiini cha mfumo) ya Linux ndani ya kompyuta pepe, na kompyuta ikilazwa usiku kucha, saa ya Linux huweza kubaki nyuma. Unafunua kompyuta asubuhi, Windows inaonyesha saa sahihi, lakini `date` inakujibu 23:10 ya jana. Apt nayo, ikiona orodha ya vifurushi imetiwa sahihi kwa tarehe ambayo kwake bado haijafika, inaikataa, na inafanya hivyo kwa usalama wako. Andika `sudo hwclock -s`. Isipotosha, fungua PowerShell, dirisha la amri la Windows, uandike `wsl --shutdown`, halafu uingie upya.

Maneno `Temporary failure resolving` ni habari nyingine: majina ya seva hayatafsiriwi, jambo linalowapata sana wanaotumia VPN ya kazini. Jaribu `ping 1.1.1.1`. Ikijibu, mtandao upo na tatizo ni faili ya `/etc/resolv.conf`, ambayo WSL huiandika yenyewe, ndiyo maana ukiirekebisha kwa mkono marekebisho hupotea. Katika `/etc/wsl.conf` weka sehemu ya `[network]` na chini yake `generateResolvConf = false`, zima WSL kwa amri ile ya PowerShell, kisha ufute `resolv.conf` ya zamani na kuandika mpya yenye `nameserver 1.1.1.1`, au anwani mliyopewa kazini.

Bando likikatika katikati ya kupakua, hakuna kilichoharibika; rudia amri ileile. Ila dirisha likifungwa wakati kifurushi kinasanidiwa, tumia `sudo dpkg --configure -a` (dpkg ndiyo programu ambayo apt huitumia kusakinisha), kisha `sudo apt --fix-broken install`. Ukiambiwa kufuli (faili inayozuia michakato miwili kusakinisha kwa pamoja) limeshikwa na `unattended-upgr`, yaani masasisho ya kiotomatiki, subiri. Wapo wanaoshauri kufuta faili ya kufuli, nami napinga kabisa, kwa sababu michakato miwili ikiandika hifadhidata ya dpkg kwa pamoja, kuirekebisha ni kazi ya siku nzima.

Walio bado kwenye WSL 1, toleo la zamani lisilo na kerneli halisi ya Linux bali hutafsiri maombi yake kwa Windows, wana shida yao: Ubuntu 20.04 ilikwama kwenye kifurushi cha `libc6`, kwa kuwa amri ya `sleep` ilishindwa kusoma saa kupitia tafsiri ya WSL 1. Katika PowerShell, `wsl -l -v` itakuonyesha toleo ulilo nalo. Ikiwa ni 1, tunza nakala kwanza kwa `wsl --export Ubuntu-20.04 nakala.tar`, na faili hiyo ikishakamilika ndipo uandike `wsl --set-version Ubuntu-20.04 2`.